Mwanamvua Akataa Kusema Njema

Katika zama za utawala wa Waingereza, Temeke ilikuwa bado na minazi mingi kuliko nyumba, na shule yake ilikuwa banda refu la udongo lililoezekwa makuti. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya somo la hesabu, watoto wa darasa la nne walikusanyika mbele ya ngazi ya shule kusikiliza habari za mitaa yao. Desturi hiyo aliianzisha Mwalimu Adelard, mtu wa Bukoba, ambaye aliamini kwamba mtoto asiyeweza kueleza yaliyotokea jirani hawezi kuandika insha.

Aliyefikiwa na zamu alipanda ngazini. Mwalimu alimwuliza, "Habari za kwenu?" Naye alijibu, "Njema, Mwalimu," kisha akaeleza. Hakuna aliyepata kujibu vinginevyo. Hata kijana mmoja ambaye paa la nyumba yao lilikuwa limebebwa na upepo usiku uliotangulia alisema kwanza "njema", ndipo akaeleza jinsi walivyolala chini ya mwembe wa jirani.

"Njema, Mwalimu," alianza Audax siku ya zamu yake. "Mbuzi wa Mzee Alfonsi, mchonga vinyago, amekula kofia ya fundi cherehani. Fundi anataka kofia yake. Mzee Alfonsi amemwambia awe na subira, huenda mbuzi akaitoa."

Watoto waliangua kicheko, na Mwalimu Adelard akageuka kando ili asionekane akicheka. Aliporejesha uso wake alisema, "Ijumaa ijayo ni zamu ya Mwanamvua."

"Haya, tutasikia habari za malaika!" alidakia Audax. "Binti wa Maalim hana habari za mbuzi."

"Na wewe huna nyingine," Mwanamvua alimjibu, na darasa likacheka tena.

Baba yake Mwanamvua, Maalim Fakihi, alisomesha Kurani barazani kwake. Watoto wa mtaa mzima walipita mikononi mwake, na wazee walimpisha njia alipotoka msikitini. Alikuwa mtu wa msimamo. Aliponong'onwa kwamba anampeleka binti shule ya serikali, alijibu mbele ya watu kwamba elimu haina mlango wa wanaume peke yao, na hakuna aliyenong'ona tena. Mwanamvua alimpenda kwa neno lile, naye alilihifadhi kama anavyohifadhi sura alizozisoma.

Juma lile nyumba yao ilijaa shughuli. Saumu, dada mkubwa, alikuwa anaolewa Jumamosi na kijana wa Mbagala. Kuta zilipakwa chokaa, majamvi yakaazimwa, na Shangazi Kidawa, dada yake Maalim, akahamia pale kusimamia mapishi kwa sauti iliyosikika hadi kisimani.

Katikati ya shughuli hizo Nassibu, mdogo wake Mwanamvua, aliugua. Alianza kwa homa na kulalamika mgongo. Kisha vikamtoka vipele usoni na mikononi, vikavimba, vikajaa maji. Shangazi Kidawa alimhamishia chumba cha uani, akatundika kaniki mlangoni, na akatangaza kwamba mtoto ana upele wa joto.

Lakini Mwanamvua aliijua ndui. Mwalimu Adelard alikuwa amewaeleza dalili zake siku walipochanjwa shuleni, na kovu la chanjo lilikuwa bado linang'aa begani pake. Tena alikumbuka siku wachanjaji walipopita mtaani. Shangazi, aliyesikia kwamba chanjo hukausha mkono, alimficha Nassibu ndani ya lundo la makuti. Mtoto alipiga chafya mara tatu, na Shangazi akapiga chafya mara tatu zaidi ili kumfunika. Nyumba nzima ilicheka jioni ile. Maalim Fakihi naye alitabasamu, wala hakukemea.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Mwanamvua alimfuata baba yake barazani. Aliketi chini, akainamisha kichwa.

"Baba, Nassibu ana ndui."

"Eh! Funga mdomo wako!" Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Maradhi unayaita kwa jina ili yakae? Nimeshasema ni upele wa joto."

Maalim aligeuka kutazama uani, lilikotundikwa pazia la kaniki. Hakusema ni upele, wala hakusema si upele. Mwishowe aliuliza, "Kesho ndiyo zamu yako ya habari shuleni?"

"Ndiyo, baba."

"Utaulizwa habari za kwenu. Utasema njema. Bwana Afya akisikia, ataifunga nyumba hii, atamchukua mtoto karantini, na harusi ya dada yako itavunjika mbele ya wakwe. Ya nyumba hii yatabaki humu mpaka Jumamosi ipite. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Alisema amesikia. Hakusema atafanya.

Alimpelekea Nassibu uji. Mtoto alikunywa kidogo, midomo ikimwuma. "Dada," aliuliza, "watoto wa Mbagala wanakuja kesho?"

"Wanakuja na sanduku la bibi harusi."

"Waambie waingie huku wacheze nami. Nimechoka peke yangu."

Mwanamvua aliliweka bakuli chini. Aliwaona watoto wale wakiinua pazia, mmoja baada ya mwingine, wakiingia kucheza.

Kesho yake alipanda ngazi ya shule. Jua lilikuwa linampiga usoni. Mbele yake walikaa wenzake, na wengi wao mama zao walikuwa wamealikwa harusini.

"Habari za kwenu, Mwanamvua?"

Hakujibu. Audax alinong'ona, "Malaika wamemkataza," na wawili watatu wakacheka.

"Mwanamvua," Mwalimu alirudia kwa upole, "habari za kwenu?"

"Si njema, Mwalimu."

Kicheko kilikatika. Msichana wa mbele alimsahihisha kwa haraka, "Sema njema kwanza!"

"Sisemi," alijibu Mwanamvua, na sauti yake ikapanda. "Si njema. Ndugu yangu ana ndui. Tumeambiwa tufiche kwa sababu ya harusi. Nanyi mwambieni kila mama asije kwetu."

Mwalimu Adelard alimsogelea. "Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona. Vipele vimejaa maji kama punje za mahindi mabichi, na vimemshika hata viganja."

Mwalimu hakumsifu wala hakumkaripia. Aliwaambia watoto wote wabaki shuleni, akachukua baiskeli yake, na akaenda kumtafuta Bwana Afya. Audax alimsogelea Mwanamvua, akasema polepole, "Mie nisingethubutu. Baba yako ana bakora."

"Naijua," alisema Mwanamvua. "Mimi ndiye ninayeifuta vumbi."

Mwalimu alikuwa amewakataza kutoka, lakini wengine hawakuikataza miguu yao, wakatoroka. Habari ilifika nyumbani kabla ya Mwanamvua. Mchana, shule ilipotoka naye akaingia uani, Shangazi Kidawa alimshika mkono.

"Umetuvua nguo! Umeiuza nyumba ya baba yako kwa watoto wa shule! Mtoto gani weye usiye na adabu?"

Saumu alikuwa ameketi ukutani, mikono yake imejaa hina, akilia bila kujipangusa. Mama alisimama mlangoni mwa Nassibu. Na Maalim Fakihi aliingia akitoka sala ya Ijumaa. Watu walikuwa wamekwisha kumwuliza msikitini, na uso wake ulikuwa umekauka. Aliiangua bakora juu ya mlango.

"Nani aliyekuamuru kusema?"

"Wewe, baba."

"Mimi?"

"Wewe. Ulitusomesha hapo barazani kwamba mji ukiingiwa na maradhi ya kuambukiza, aliye nje asiingie, na aliye ndani asitoke. Ulisema ndivyo alivyofundisha Mtume wetu. Nilikosea kusoma ukanirudisha mwanzo, mpaka nikajua." Aliinamisha macho, si kwa woga bali kwa adabu. "Nilikwambia kwanza wewe, baba. Nipige, sitakimbia. Lakini nikiulizwa tena, nitasema tena."

"Mnamsikia?" Shangazi alipiga makofi ya mshangao. "Piga huyo! Nami namfunga mtoto kwenye khanga, nampeleka shamba kabla gari la Bwana Afya halijafika."

Alikwenda kwenye pazia. Mwanamvua alimtangulia, akasimama mbele ya mlango pamoja na mama yake, akanyoosha mikono miwili kwenye miimo.

"Hapiti mtu, shangazi. Nisamehe, lakini hapiti mtu."

Mama, ambaye kwa siku zote hizo hakuwa amesema neno, alishika mwimo mmoja na kusema, "Hapiti, wifi."

Wakati huohuo vigelegele vilisikika njiani. Wanawake wa Mbagala walikuwa wanakuja wakiimba, sanduku la bibi harusi kichwani, watoto wakitangulia kwa mbio kwenye mchanga. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Walikuwa wametembea juani tangu Mbagala kwa barabara ya Kilwa, na walipoiona nyumba iliyopakwa chokaa waliongeza sauti.

"Fungua mlango, kaka," alisihi Shangazi kwa sauti ya chini. "Wapokee tu. Haya mengine tutayazungumza kesho."

Maalim Fakihi alimtazama binti yake aliyesimama mlangoni na mikono iliyonyooshwa. Kisha akaitazama bakora mkononi mwake kama mtu aliyepewa kitu cha mtu mwingine. Aliiegemeza ukutani, akatoka.

"Hodi wenyewe!" aliita kiongozi wa wanawake wale, akicheka. "Tumefika, Maalim! Habari za hapa?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, kwa maana alilisema maisha yake yote, kwa shida na kwa raha. Watoto walikuwa wamekwisha kuufikia ua wa makuti. Maalim aliinua mkono wake, na sauti aliyoizoea kusomeshea ikatoka.

"Simameni hapo! Si njema. Mwanangu ana ndui. Msikanyage hapa, warudisheni watoto, na mniwie radhi, kwa kuwa tangu jana nilijua."

Wimbo ulikatika. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alirudi nyuma hatua kwa hatua, akimfunika mwanawe kwa khanga. Yule kiongozi alilishusha sanduku kichwani, akaliweka mchangani mbali na ua, na akauliza kwa sauti iliyobadilika, "Anaishi, Maalim?"

"Anaishi. Mwombeeni."

Bwana Afya alifika na Mwalimu Adelard muda mfupi baadaye. Nassibu alipelekwa karantini pamoja na mama yake, ambaye alichanjwa zamani. Nyumba ilifungwa, ikatundikwa bendera ya njano ya kuonya watu wasiingie, na mtaa mzima ukachanjwa, Shangazi Kidawa akiwa wa mwisho, macho ameyafumba, akitaka kujua iwapo mkono umekwisha kukauka. Majirani waliacha maji na muhogo kwenye ua bila kuingia. Wengine walimsema Mwanamvua vibaya kisimani, wengine walimtetea. Yeye hakwenda kuomba radhi kwa yeyote.

Katika watu wa Mbagala hakuugua hata mmoja. Saumu aliolewa baada ya mfungo wa Ramadhani, kwa sanduku lilelile, nao wakwe walikula pilau mpaka Mzee Alfonsi akasema hata mbuzi wake angeona haya. Nassibu alikuwa amerudi, uso wake una mashimo madogomadogo, amekonda, anadai kila kilicho jikoni.

Ijumaa iliyofuata harusi Maalim Fakihi alikwenda shuleni, akamwomba Mwalimu Adelard ruhusa, akapanda ngazi ya habari. Watoto waliokuwa wanafunzi wake barazani walinyamaza mara moja.

"Habari za kwako, Maalim?" aliuliza Mwalimu.

"Leo ni njema," alijibu, "kwa hiyo nasema njema. Wanangu, nimekuja kueleza habari yangu mwenyewe. Binti yangu alibisha mlango wangu kwanza, nami nikaufunga. Ndipo akasimama hapa. Nilitaka kumpiga kwa kunivunjia heshima, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawaita watoto wa watu kwenye maradhi ili nisivunjiwe heshima. Waheshimuni wazazi wenu, wasikilizeni, wafichieni udhaifu wao. Lakini mzazi akikutaka ufiche kitakachomdhuru mtu, usimtii katika hilo. Mkatalie, tena mkatalie kwa adabu, na usikimbie. Nanyi mtakapokuwa wazazi, mtoto akiwaambia habari si njema, msimwulize kwanza nani amesikia. Mwulizeni nani anaumwa."

Alishuka. Alipopita karibu na Mwanamvua aliweka kiganja chake kichwani pake, mbele ya darasa zima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti yake alipohitimu juzuu ya kwanza.

Kisha Mwalimu Adelard akatazama zamu ilikuwa ya nani, na Audax akapanda ngazini, akajipangusa pua, akasimama wima.

"Habari za kwenu, Audax?"

"Si njema, Mwalimu," alisema Audax kwa uso mkavu. "Yule mbuzi amerudi kwa fundi."