Themostati Niliyoinyamazia

Nina miaka thelathini na tisa, mjane, mama wa watoto watatu hapa Tingi. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Marehemu mume wangu alituachia kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo. Kilibeba ufuta na korosho za watu, na ndicho kilichotulisha. Siku moja aliing'oa themostati yake akaichemsha kwenye sufuria yangu ya chai, aone inafunguka lini. Nilimfokea! Akacheka, akanionyesha namba 82 iliyogongwa juu yake. Joto likifika nyuzi hizo, inafunguka na kuruhusu maji ya rejeta yapoze injini.

Alipofariki nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi sitoki, ya gereji ningeyajulia wapi? Gari likawa mikononi mwa Hamisi, mdogo wake marehemu, anayejiita fundi. Rejeta ilipoanza kuvuja na gari kuchemka, yeye akaitoa themostati. Eti ni ya nchi za baridi... Injini ikawa haipati moto, inakunywa mafuta tu.

Nilipotoka eda nikalalamika. Akaja na nyingine, ya gari lingine kabisa. Niliishika kwa mkono wangu. Iliandikwa 92, na ile ya zamani watoto walikuwa wakiichezea uani.

"Shemeji, mbona namba hazifanani?" nikamuuliza.

"Shemeji, wewe na injini wapi na wapi? Rudi jikoni."

Nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu ni mdogo wa mume wangu, na sikutaka kuitwa mjane mwenye mdomo.

Wiki ya pili, jua la saa saba, dereva wetu akapandisha mlima na magunia ya ufuta. Injini ikachemka, ikazima. Fundi wa Lindi alisema silinda hedi, kichwa cha injini, imepinda: rejeta imechoka, na themostati imechelewa kufunguka. Injini haifai tena, na pesa ya nyingine sina.

Mnajua Hamisi alifanya nini? Aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwangu, akasema mbele ya mama mkwe kwamba mimi ndiye niliyeua gari la kaka yake, kwa kulalamika mpaka themostati ikarudishwa. Mimi!

Niliinjika sufuria ileile ya chai uani, nikazitumbukiza themostati zote mbili kwa uzi, ile ya 82 na ile ya 92 iliyotolewa kwenye injini. Maji hayajatokota, ya marehemu ikafunguka. Ya Hamisi ilikaa vilevile, tukaingoja mpaka maji yakakaribia kuchemka, ndipo ikafunguka. Mama mkwe akamgeukia mwanawe.

"Shemeji, basi yaishe," akasema Hamisi.

Yaishe vipi? Gari limelala uani, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Sasa nalima kibarua kwenye mikorosho ya watu, kwa sababu niliiona namba nikafunga mdomo.

Dada zangu, mashemeji waheshimuni, hata chakula wapikieni. Lakini namba zisipofanana, semeni palepale, spana ikiwa bado mkononi mwa fundi. Mimi nilikuja kusema mbele ya sufuria, na gari lilikuwa limeshakufa.