Kimya cha Chumba cha Nyuma

Mimi ni mtu wa sauti. Picha waachie wenyewe, mimi nipe masikio. Kwenye ile tamthilia yetu ya kutisha, kila wiki hadithi mpya na watu wapya, mimi ndiye niliyevaa hedifoni na kugombana na kila mwenye kikohozi.

Tuna desturi yetu. Tukimaliza kurekodi chumbani, kila mtu anasimama pale pale alipo, hakuna kujikuna, nami nanasa kimya cha chumba kwa nusu dakika. Kila chumba kina kimya chake, na bila hicho maneno ya waigizaji yanasikika kama yamebandikwa. Kabla ya kunasa natamka chumba na idadi ya watu, nisije nikachanganya baadaye: "Sebuleni. Watu tisa. Kimya."

Msimu ule ulikuwa wa kupanda na kushuka, nisiseme uongo. Hadithi ya kwanza, watu walilala taa zinawaka. Ya pili walicheka. Jini letu lilionekana kama lina mafua. Ya tatu, mama mkwe wangu alizima runinga akaigeuzia ukutani. Ya nne na ya tano, heri wangetazama utabiri wa hali ya hewa. Mwongozaji akawalaumu waandishi, waandishi wakamlaumu hata anayewapaka waigizaji poda.

Mimi nilijua, nikajifanya sijui. Ya kwanza na ya tatu tulizirekodi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba moja iliyohamwa siku nyingi. Na kila nilipokisikiliza kimya cha chumba kile, ndani yake mlikuwa na pumzi ya ziada. Nilitamka watu saba. Zilizosikika zilikuwa nane.

Jambo jingine. Fundi taa wetu, tangu nimjue, alikuwa na kigugumizi. Baada ya kurekodi kwenye chumba kile, kigugumizi kikaisha, maneno yakawa yanamtiririka. Tukamtania, "Umelamba nini, bwana?" Akatabasamu tu. Mkewe ndiye hakucheka.

Hadithi ya sita, ya mwisho, ilirekodiwa mle mle. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikasahau kunasa kimya. Mwongozaji akanipigia simu jioni.

"Ndugu yangu, bila kimya chako hatuna hadithi. Nenda sasa hivi, kesho tunakabidhi."

Mke wangu ni muuguzi, alikuwa zamu. Ikabidi niende na binti yetu wa miaka sita, tunayemwita Pilipili kwa ukali wake. Pilipili ana pumu. Pumzi yake ina kimluzi mwishoni, kama birika linalotaka kuchemka. Nimekesha siku nyingi nikikisikiliza, nikimwomba Mungu kisikatike. Nakijua kuliko sauti yangu mwenyewe.

Tulifika jua linazama. Nyumba ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Baba, hapa pananuka," alinong'ona.

"Nusu dakika tu, mama. Usijikune."

Nikaweka kinasa sauti sakafuni, nikavaa hedifoni.

"Chumba cha nyuma. Watu wawili. Kimya."

Pumzi yangu. Kimluzi cha Pilipili. Kisha... sikioni kabisa, taratibu:

"Watatu."

Dirisha likajifunga, paa! Giza. Nilipapasa, nikashika mkono mdogo, nikatoka nao mbio mpaka kwenye gari. Kinasa sauti nilikiacha kinanasa.

Njiani Pilipili hakulia. Huyu ni mtoto anayelia akipewa kijiko kisicho chake! Alikaa, mikono magotini.

"Twende nyumbani, baba," akasema.

Asubuhi fundi taa alinigongea mlango, ameshika kinasa sauti changu. Sikuwa nimemtuma, wala sikuwa nimemwambia mtu.

"Ulikisahau," akasema, bila kukwama hata kidogo.

Nilikata ile nusu dakika, nikaikabidhi. Iliyobaki sikuthubutu kuisikiliza. Hadithi ya sita ikarushwa, na simu hazikukatika: eti imeuokoa msimu mzima!

Nyumbani, wiki nzima Pilipili hakugusa pampu yake ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Mama yake alimwekea sikio kifuani akaangua kilio cha furaha.

"Baba Pilipili, njoo usikilize! Kifua kimefunguka! Mungu ametuona!"

Nilisikiliza. Pumzi safi kabisa. Sikupata usingizi siku ile, naogopa kusema niliogopa nini.

Ndipo nikavaa hedifoni nikasikiliza iliyobaki.

Sauti yangu. Pumzi tatu. Lile neno. Dirisha. Viatu vyangu vinakimbia, na miguu midogo inavifuata. Mlango. Kisha kimya kirefu...

Kisha kimluzi.

Kinapanda, kinashuka. Halafu sauti ndogo, inayotaka kulia:

"Baba? Baba, umeshika mkono wa nani?"

Mke wangu sijamwambia. Nitamwambiaje? Ana mtoto mzima, anacheka, anakimbia uani bila kusimama kushika kifua. Miaka sita ameiombea siku hii.

Lakini kila jioni naaga naenda kazini, nami siendi kazini. Naiweka pampu sakafuni katikati ya kile chumba. Navaa hedifoni.

"Chumba cha nyuma. Watu wawili. Kimya."

Nasikia inatikiswa. Psss... Kimluzi kinatulia. Nanyoosha mkono kila upande, napapasa, nalia kama mtoto. Sishiki kitu.

Jana nilirudi nikamkuta Pilipili amesimama mlangoni peke yake. Mama yake alikuwa jikoni, anaimba. Mtoto alinitazama mfukoni, palipotuna ile pampu. Kifua chake kilipanda na kushuka bila sauti yoyote.

"Baba," alinong'ona, "usimpelekee tena dawa."

Akanishika mkono, ule ule, kwa upole.

"Mwache azoee. Mimi nilizoea."