Maziwa ya Mama Hayaivi kwa Jua

Hapa kwetu Mugango, mitumbwi inarudi asubuhi. Sisi wanawake tunapokea dagaa mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapofikia, tunawatandaza wakauke, tunawageuza, tunafukuza ndege. Jua likipanda, linachoma kweli. Ukirudi nyumbani saa nane, mgongo unawaka.

Mwanangu Clementi alikuwa na miezi saba. Nilikuwaga namwacha na mama mkwe wangu, Mama Nyamburi. Anampenda sana mjukuu wake. Sisemi haya kumlaumu yeye. Nasema ili mama mwenzangu usifanye tulichofanya sisi.

Kwetu kuna desturi. Mama aliyeshinda juani hanyonyeshi hivi hivi. Wanasema maziwa yameiva kwa jua. Kwanza unayakamua na kuyamwaga, halafu unakaa kivulini mpaka mwili upoe. Nami nilifanyaga hivyo. Sikuuliza.

Jumatatu moja Clementi aliharisha.

"Meno hayo," alisema mama mkwe. "Hata baba yake aliharisha hivyo hivyo. Leo si huyo, anakula sato na miiba yake?"

Tukacheka. Sikushtuka.

Jumanne nilipotoka mwaloni, nikaambiwa ameharisha mara sita. Maji matupu. Na alikuwa ametapika. Nikakaa nimnyonyeshe.

"Wewe Hilda!" mama mkwe aliniwahi. "Umetoka juani sasa hivi, unampa maziwa yaliyoiva? Si ndiyo yanayomharisha!"

"Mama, ana njaa."

"Liache tumbo lipumzike. Hata maji usimpe. Ukitia juu, yanatoka chini."

Nikafunga vifungo vya gauni. Kifua kilijaa mpaka kikauma. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikayakamulia maziwa kwenye majani, na mwanangu analia ndani.

Jumatano asubuhi hakulia. Nikajua amepata nafuu. Kumbe hakuwa na nguvu ya kulia. Macho yalikuwa yameingia ndani. Midomo imekauka. Utosi umebonyea, umefanya kishimo.

"Utosi umeshuka," alisema mama mkwe. Akatwanga majani, akampaka kichwani. "Hii itaupandisha."

Mume wangu Stanslaus alirudi kutoka ziwani, akamnyanyua mtoto. Clementi hakumwangalia hata usoni.

"Hilda, mbona mwepesi hivi? Nenda kamwite Jenoveva."

Jenoveva ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu.

"Jenoveva?" mama mkwe alikasirika. "Msichana hajazaa hata mmoja, aje kunifundisha mimi niliyezaa tisa?"

"Mama, wewe ulizaa tisa," alisema Stanslaus. "Sisi tuna huyu mmoja tu."

Nikakimbia.

Jenoveva alikuwa anakanda unga. Alinawa mikono haraka, akachukua mkoba wake, tukaja. Alimtazama mtoto macho. Alifinya ngozi ya tumbo, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama. Ikarudi polepole sana.

"Dada Hilda, amekojoa lini?"

Sikujua.

"Amenyonya lini?"

"Jana alfajiri."

"Tangu jana! Kwa nini?"

Mama mkwe akajibu, "Maziwa yake yameiva kwa jua."

Jenoveva hakucheka wala hakumgombeza. Akasema, "Bibi, mtoto huyu amekaukiwa. Maji yote yametoka kwa kuharisha na kutapika, na hakuna yaliyoingia. Ndiyo maana utosi umebonyea. Majani hayawezi kuupandisha. Twende kituo cha afya, sasa hivi. Dada, mnyonyeshe."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Na njiani pia."

Clementi akanyonya mara mbili, akachoka. Jenoveva akatoa paketi ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini. Aliimimina yote kwenye lita moja ya maji tuliyokuwa tumechemsha, akakoroga. Akanipa kikombe na kijiko.

"Kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, halafu uanze tena taratibu. Usikate tamaa."

Tulipanda pikipiki mbili, Stanslaus na Jenoveva kwenye ile ya pili. Mama mkwe naye akapanda. "Mjukuu wangu haendi bila mimi," alisema. Kila tulipopita penye njia nzuri, nilimdondoshea mtoto kijiko cha ile dawa. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, hata dereva akaitikia amina.

Kituoni tulipokelewa na nesi Gaudensia. Hakutupanga foleni. Alimpima mtoto, akaita daktari, wakamtundikia dripu.

"Mngekaa mpaka jioni," nesi aliniambia, "tungekuwa tunaongea maneno mengine."

Nilikaa pale naangalia tone moja moja. Nilikuwa nayahesabu. Mama mkwe alikaa upande wa pili, ameshika mguu wa mtoto.

Mchana ulipita. Mara Clementi akakunja uso, akalia. Machozi yakatoka. Nami nikalia.

"Acha alie," alisema nesi, anatabasamu. "Mtoto aliyekaukiwa analia bila machozi. Hayo ni maji yamerudi."

Baada ya muda akamkojolea baba yake shati zima.

"Nikojolee, baba," Stanslaus alimwambia mwanawe. "Nikojolee tena."

Wodi nzima ikacheka.

Nikapata ujasiri, nikauliza, "Nesi, kwani kweli maziwa yanaiva kwa jua?"

"Hayaivi. Jua linachoma ngozi. Ndani ya mwili maziwa yanabaki salama. Ukitoka juani kunywa maji, nawa mikono, jifute jasho, mnyonyeshe. Na mtoto akiharisha, ndipo mnyonyeshe zaidi kuliko siku zote. Kila akiharisha mpe ORS. Iliyobaki baada ya siku moja imwage, utengeneze nyingine. Nitakupa na vidonge vya zinki. Utampa siku kumi, hata akiacha kuharisha."

"Na meno?" aliuliza mama mkwe.

"Meno hayamharishi mtoto hivi, mama. Ni uchafu unaoingia mdomoni. Labda uji uliokaa, au maji yasiyochemshwa. Mtoto akilegea, macho yakiingia ndani, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, au kukiwa na damu kwenye choo, msingoje kesho."

Mama mkwe akainamisha kichwa.

"Nesi," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa na mtoto, Naomi. Aliharisha hivi. Utosi ukashuka hivi. Tukamnyima maji siku mbili, tukamzika. Kumbe alikuwa na kiu?"

Nesi akaja akakaa kitandani karibu naye, akamshika mkono.

"Mama, ulifanya ulichofundishwa. Hakuna aliyekwambia."

Mama mkwe akajifuta macho kwa kitenge. Kisha akaninyooshea mkono.

"Nipe hicho kijiko."

Alimnywesha Clementi mpaka jioni. Hakutaka mtu ampokee.

Tulitoka siku ya tatu. Sasa uji wa mtoto tunapika kidogo kidogo, uliokaa hapewi. Maji yake tunachemsha. Kila siku saa nne asubuhi mama mkwe ananiletea Clementi mwaloni. Nanawa mikono, nakaa kivulini, ananyonya, nakuwa nachelewa kugeuza dagaa na wenzangu wananisema. Waseme tu. Kliniki ya mwezi huu uzito umepanda.

Juzi msichana mmoja, Flora, alikuwa mwaloni na kichanga chake. Alikuwa ameinama anakamua maziwa mchangani, mtoto analia mgongoni. Mama mkwe akamwona.

"Flora! Unamwaga chakula cha mtoto?"

Flora akashangaa. "Bibi, si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

"Ndiyo, ni mimi," alisema Mama Nyamburi. "Na leo ni mimi ninayekukataza. Kanawe mikono, ukae hapa, umnyonyeshe."

Akamsaidia kumfungua mtoto mgongoni.