Choo Kilichogeuzwa Stoo

Fundi alishona sokoni kutwa nzima bila kutia tone la maji kinywani. Alitumia kiti cha magurudumu na cherehani ya mkono. Wenzake walimpachika jina la Ngamia.

"Ngamia, hata chai hutaki?" muuza vitambaa alimtania.

"Nikinywa, utanibeba wewe?"

Alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Vyoo vya soko vilikuwa na ngazi na milango myembamba. Choo kimoja tu kilikuwa kipana, chenye njia ya mteremko na vyuma vya kushikilia. Hicho msimamizi wa soko alikipiga kufuli. Ndani aliweka mafagio na ndoo za rangi.

Kila Fundi alipoomba kifunguliwe, msimamizi alimjibu, "Nitaliangalia, mama." Mwishowe akachoka kuomba. Akaizoea kiu.

Kisha homa ikamshika. Mgongo ukamuuma, mkojo ukawa na damu. Hakumwambia mtu. Alishona mpaka akaangukia cherehani yake.

Hospitalini, mdogo wake akiwa kando ya kitanda, muuguzi aliuliza, "Mkojo unaubana tangu asubuhi?"

"Sasa nifanyeje? Nijikojolee mbele ya wateja?"

"Sikulaumu. Lakini sikiliza. Mkojo ukikaa sana kwenye kibofu, vijidudu huzaliana. Usipokunywa maji, hakuna cha kuviondoa. Vyako vimepanda hadi kwenye figo. Figo moja imeharibika, haitapona. Umebaki na moja."

Mdogo wake akaangua kilio. Fundi alikodolea macho dari.

"Nikinywa maji, nitakwenda wapi? Choo ninachoweza kuingia kimepigwa kufuli, kimejaa mafagio."

"Choo kipo, kimefungwa tu," muuguzi alisema. "Kile ni haki yako, si hisani. Msidai mmoja mmoja. Nendeni wengi."

Kesho yake mdogo wake alikwenda sokoni, akawaeleza wauzaji yote. Muuza vitambaa aliinamisha kichwa. Mama mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya mtaro, anambadilisha mwanawe nepi juu ya gunia. Akainuka.

"Twende. Na mimi nimechoka kumlaza mtoto kwenye uchafu."

Walijaa mlangoni kwa msimamizi.

"Jamani, mafagio nitayaweka wapi?"

"Kalale nayo!" mama yule akamjibu. "Mwenzetu amepoteza figo kwa ajili ya mafagio yako!"

Msimamizi alinywea. Kufuli lilifunguliwa mchana uleule. Walitoa vitu, wakasugua sakafu. Seremala akapigilia ukutani meza ya kubadilishia watoto, na komeo upande wa ndani.

Fundi alirudi sokoni amekonda, nguo zinampwaya. Alikunywa maji mbele ya watu. Baadaye akasukuma kiti chake hadi chooni, akafunga mlango mwenyewe.

Alipotoka, msimamizi alikuwa amesimama nje.

"Pole sana, mama."

"Nimeipokea. Ila figo yangu hairudi."

Nyuma yake, mama mwenye mtoto alikuwa anasubiri zamu. Fundi akamshikilia mlango.

"Pita, mwenzangu. Mtoto ameloa."