Mstari Uliorudi Kupimwa

Jumatatu asubuhi mpimaji wa manispaa alikuta ukuta wa chumba cha ramani umelowa. Si wote. Mstari mmoja tu, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, usawa wa kiuno chake. Mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

"Umemwaga chai, kaka?" aliuliza mtunza kumbukumbu, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Faili.

"Chai gani inanuka tope, dada yangu?"

Jumanne mstari ulikuwa kifuani. Jumatano, shingoni, na nyuma ya ukuta kukasikika ngo, ngo, ngo, kama mti wa kupimia unaogonga sakafu chini ya maji.

Mlio huo aliujua. Miaka tisa nyuma, baada ya mafuriko, alipita mtaa wa bondeni nyumba kwa nyumba na mti huo, akipaka rangi nyekundu pale maji yalipofika na kuandika mwaka chini yake. Nyumba ambazo maji yalizidi mita moja na nusu zilifungwa. Moja tu hakuingia: yake, alimofia mkewe. Miguu iligoma mlangoni, akakisia, akaandika kwenye ramani "mita moja". Sasa binti yake aliishi humo na mtoto mchanga.

Mama Faili alimleta mjomba wake, mganga. Mzee alinusa ukuta, kisha akafunga mkoba bila kutoa kitu.

"Jini wa mto huyu. Simfukuzi, maana hakuja kukaa. Amekuja kusahihisha." Akamgeukia mpimaji, akashusha sauti. "Mwanangu, ulimwandikia uongo wapi?"

Jioni hiyo mpimaji alibisha hodi bondeni.

"Baba, na mti wa kazini? Umekuja kumpima mjukuu?"

Hakucheka. Walisogeza kabati la chumbani, akakwangua rangi polepole, na alama ya tope ikajitokeza, ikapanda kupita kidevu chake, kupita utosi wake, hadi mita mbili na sentimita kumi, naye akabaki ameushika mti ule akikumbuka kwamba mkewe alikuwa na urefu wa mita moja na sentimita sitini.

"Hameni leo."

"Jumamosi, baba. Gari litapatikana Jumamosi."

Alhamisi alirekebisha ramani. Ukuta ukakauka. Mama Faili akashusha pumzi: "Haya, kaenda zake."

Ijumaa mvua iliamka na wafanyakazi. Mpimaji alifungua chumba cha ramani, akatazama kifuani, shingoni, juu ya mlango, na hatimaye karibu na dari, ambako mstari mpya ulikuwa ukitiririka, na chini yake, kwa rangi nyekundu isiyokauka, kwa mwandiko wake yeye mwenyewe, ziliandikwa tarakimu za mwaka huu.

Alimpigia simu binti yake.

"Mchukue mtoto, mtoke. Usifungashe kitu."

"Mvua hii, baba? Kuna nini?"

"Toka, mama, nakuomba!"

"Sawa, nambeba. Lakini subiri kidogo..." Nyuma ya sauti ya binti mpimaji alisikia, kwa mbali lakini wazi, ngo, ngo, ngo. "Baba, nani huyu anagonga chini ya sakafu?"