Wimbo Uliosikika Mtaa wa Nyuma

"Binti, taa zenu zinacheza vizuri, lakini zinacheza bubu!"

Mzee Orville alikuwa ameshusha kioo cha pikapu yake, ndevu zimejaa theluji. Gretchen akasogea na tochi yake, amevaa kile kikoti cha kung'aa anachovaa kila Desemba akiongoza magari na kupokea makopo ya chakula cha wasiojiweza.

"Bubu vipi, mzee? Umeweka stesheni iliyoandikwa kwenye kibao?"

"Nimeweka. Mikwaruzo mitupu! Kama mtu anakaanga nyama ya nguruwe humu ndani."

"Hata sisi!" akadakia mama mmoja kutoka gari la nyuma. "Watoto wanauliza mbona taa zinarukaruka bila mziki."

Gretchen aliona aibu. Onyesho lile la taa za Krismasi mbele ya nyumba yao ndilo lililowapa jina mjini. Mumewe, Duane, fundi wa friji kwenye kiwanda cha jibini, huanza kulipanga tangu Julai, jasho likimtoka, kila taa na pigo lake. Muziki anaurusha kwa kitransmita kidogo cha FM, unaingia kwenye redio za magari tu, na majirani wanalala kwa amani. Onyesho likiisha hakuna anayepiga makofi, nani atoe mikono kwenye baridi ile? Watu wanapiga honi.

Na honi hizo ndizo zilizomwozesha Gretchen. Mwaka ule Duane alipomchumbia, aliandika kwa taa juu ya paa, UTAOLEWA NAMI?, na redioni akaweka wimbo alioutunga na kuuimba mwenyewe kwa gitaa: *Gretchen, washa taa, niko njiani*. Sauti yenyewe ya kawaida tu, lakini mtaa mzima ulipiga honi mpaka mbwa wakachanganyikiwa. Tangu hapo, kila mwaka, wimbo ule ndio ulikuwa wa kufungia.

Mwaka huu haukupigwa.

"Duane, watu hawasikii mziki," alimwambia mumewe magari yalipoondoka.

"Si nilikwambia? Kuna kituo kipya mjini, kinatuingilia."

"Na wimbo wetu je? Sijausikia hata mara moja."

"Faili liliharibika kompyuta ilipozima. Halafu mpenzi, wimbo wenyewe wa zamani. Watu wameuchoka."

"Mimi sijauchoka."

"Basi mwakani nitauimba upya. Ngoja nikazime mitambo bandani."

Akavaa kofia, akatokea mlango wa nyuma. Siku hizi mitambo ile ilikuwa na kiburi, haizimiki upesi. Gretchen alikuwa anaosha vikombe vya kakao, anakausha, anapanga kabatini, na bwana bado anazima.

Kesho yake jioni Mzee Orville alirudi. Hakungoja hata kusalimiwa.

"Wewe binti, hebu nisikilize. Jana nilipotoka hapa nilipita mtaa wa nyuma, si unajua baa yangu iko kule? Redio nilikuwa sijaizima. Kufika kwenye ile nyumba ya bluu, mziki ukafunguka, safi kabisa! Gitaa na mtu anaimba. Mumeo yule, sauti yake naijua."

"Nyumba ya bluu?"

"Ndiyo. Ya yule mwenzio."

Mwenzio ni Mindy. Walisoma pamoja, wakafundishana kuendesha gari pamoja, na siku ya harusi Mindy ndiye aliyemshikia Gretchen maua. Nyumba zao zimepeana migongo, uzio mmoja tu katikati. Mindy alipoachika, Gretchen alimpelekea kuku wa kuoka na tambi kila wiki. Na ni Gretchen huyu huyu aliyesema, kwa mdomo wake: "Duane, shoga yangu hana mwanaume pale, nenda ukamtolee theluji mlangoni." Duane akaenda. Theluji iliyeyuka, safari zikabaki.

"Mzee, una ile redio yako ndogo ya kusikilizia mpira?"

"Ninayo. Ya nini?"

"Niazime."

Saa mbili usiku onyesho likafungwa, mbele kukawa giza. Duane akavaa kofia yake, akaenda kuzima mitambo. Gretchen akachomeka kidude kimoja cha redio sikioni, akatoka nje.

Mbele ya nyumba, mikwaruzo. Pembeni mwa nyumba, mikwaruzo na sauti kwa mbali. Akakumbuka maneno ya Duane mwenyewe, wakati bado anapenda kumfundisha: mawimbi hayapendi bati, mpenzi, na kuta zetu zimevikwa bati, kwa hiyo antena lazima ikae mbele. Alipokata kona ya nyuma, muziki ukafunguka.

Antena ilikuwa imehamishiwa juu ya paa la banda, kando ya uzio wa Mindy.

Na chini ya uzio, upande wa kule, mahali ambapo hakuna gari linaloweza kuona, palikuwa na mti mdogo wa taa. Mzuri kuliko yote ya mbele, unawaka na kufifia kwa mapigo ya gitaa. Onyesho la mtu mmoja.

Gretchen alisimama kwenye theluji akasikiliza. Gitaa lile lile. Tyuni ile ile. Mume wake akaimba:

*Mindy, washa taa, niko njiani.*

Kwenye dirisha la jiko la nyumba ya bluu, taa ikawaka. Duane akainama, akapenya kwenye uzio. Mbao mbili zilikuwa zimeng'olewa, kumbe. Mlango ukafunguliwa kabla hajabisha.

Kuachwa kunauma. Lakini kuachwa halafu mtu anachukua wimbo wako, anafuta jina lako, anaandika la shoga yako, hata tyuni anaona uvivu kubadilisha! Gretchen aliziba mdomo kwa glavu ili asilie kwa sauti. Akarudi ndani, akajilaza, na mwanaume aliporudi akajifanya amelala.

Asubuhi alikwenda kunywa kahawa kwa Mindy kama kawaida yake.

"Shoga, mbona macho yamevimba?" Mindy akauliza, anamkatia keki.

"Baridi tu. Hivi wewe onyesho letu mwaka huu umelionaje?"

"Ah, hata sijatoka. Kichwa kila siku."

"Hata kwenye redio husikii?"

"Redio gani? Ile pale?" Mindy akacheka. "Hata betri haina."

Gretchen akaitazama ile redio dirishani. Haikuwa hata na vumbi. Akatamani aiwashe, yaishe pale pale. Badala yake akamuuliza:

"Mindy, ukipata mwanaume safari hii, utaniambia?"

"Weee! Wewe ndiye utakuwa wa kwanza kujua."

"Haya."

Jioni alimjaribu na mumewe. Hapa ndipo ninapomheshimu, maana mwingine angekwisha kumrushia sufuria. Yeye alimpa mlango wa kutokea.

"Duane, nauliza mara moja tu. Ule wimbo haupo kweli?"

"Gretchen, umeanza tena?"

"Nataka uupige Jumamosi. Siku ya mwisho, watu wote watakuwepo. Upige, hata redioni kuwe na mikwaruzo, mimi nitausikia. Tukitoka hapo tuanze upya, sitauliza chochote."

Duane alimgeukia. Kidogo, Gretchen aliona jambo likipita usoni mwake, akapata tumaini.

"Faili limeharibika, mpenzi," Duane akasema. "Ningefanyaje?"

"Sawa."

Jumamosi mchana alimtumia Mindy ujumbe:

*Shoga, jioni nikuletee biskuti za Krismasi?*

Jibu likaja upesi:

*Usihangaike mpenzi. Nalala mapema leo, kichwa. Nakupenda.*

*Na mimi,* Gretchen akaandika. Akaitazama simu, akaigeuza kifudifudi mezani.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi mji mzima unakuja. Magari yalipanga foleni mpaka kanisani, na kila kioo kilichoshushwa kilikuwa na lalamiko lile lile.

"Gretchen, mbona hatusikii?"

"Vumilieni. Wimbo wa kufungia mtausikia."

"Ule wa kwenu? Wa washa taa?"

"Ule ule."

Saa mbili, taa za mbele zikazimika. Duane akapita nyuma yake, kofia kichwani.

"Nakwenda kuzima mitambo."

"Nenda. Usikimbilie kurudi."

Alipopotea pembeni mwa nyumba, Gretchen aliinua tochi, akaenda gari la kwanza. Lilikuwa la Mzee Orville.

"Zunguka mtaa wa nyuma, mzee. Simama mbele ya nyumba ya bluu. Zima taa za gari, shusha vioo, redio iwe juu."

Mzee akamtazama sana usoni. "Binti, una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi panda. Hutembei peke yako kwenye baridi hii."

Maagizo yakapitishwa gari hadi gari, na wenzao wakafuata kama kawaida ya foleni, la mbele likikata kona na la nyuma linakata. Wakapaki pande zote mbili za barabara, mpaka kwenye njia ya Mindy ya kuingilia. Taa zikazimwa. Vioo vikashushwa. Redio zote za mtaa ule zikaanza gitaa kwa pamoja.

"Oooh, huu!" mtu akasema gizani. "Nilikuwa nimeumisi!"

Watu wakaanza kuufuatisha. Tunaujua wote, tumeusikia miaka yote. Ukafika kwenye kiitikio, na mtaa mzima ukaimba *Gretchen*.

Redio zikaimba *Mindy*.

Sauti za watu zikakatika moja moja. Mama mmoja akamwambia mwanawe anyamaze, na mtoto alikuwa hajasema kitu.

Pazia la mbele la nyumba ya bluu likavutwa. Mindy alisimama dirishani na gauni la kulalia, glasi ya mvinyo mkononi, kichwa hakimuumi hata kidogo. Nyuma yake, Duane na soksi, kofia ile ile bado kichwani. Walikuwa wamedhani sauti ile yote inatoka kwenye redio yao.

Mlango ukafunguliwa. Duane akatoka na soksi kwenye theluji.

"Gretchen! Gretchen, si hivyo unavyofikiri!"

"Mimi sifikiri, Duane. Nasikiliza. Sote tunasikiliza."

"Tafadhali. Twende tukaongee ndani."

"Ndani kwa nani?"

Mindy akatokeza nyuma ya Duane, analia.

"Shoga, nilitaka kukwambia, naapa..."

"Betri umepata wapi, Mindy?"

Wimbo ukafika mwisho, gitaa likanyamaza, na kompyuta bandani, isiyojua haya, ikaurudia tangu mwanzo. Duane akafumba macho.

Gretchen akainama kwenye usukani wa Mzee Orville, akabonyeza honi. Akaibonyeza bila kuachia. Gari la pili likapiga. La tatu likapiga. Sijui wengine walipiga kwa hasira au kwa mazoea, lakini walipiga wote, mpaka mbwa wakachanganyikiwa tena, kama mwaka ule.

Mzee Orville akawasha pikapu.

"Nikupeleke wapi, binti?"

"Popote ambapo hii stesheni haishiki."

"Si mbali. Ukivuka kanisa imekwisha."

Wakaondoka taratibu katikati ya magari. Gretchen hakugeuka nyuma. Duane alikuwa bado anaimba redioni kwamba yuko njiani, na Gretchen alilia, hakujificha, alilia kwa kwikwi kama mtu aliyefiwa. Kwenye kona sauti ikaanza kukwaruza. Karibu na kanisa ilisikika na kupotea. Walipovuka, mikwaruzo ikaimeza yote.

Mzee akanyoosha mkono azime redio.

"Iache," Gretchen akasema.