Fomu Kumi na Saba za Haitham

Boti ya asubuhi kutoka Unguja ilikuwa imefunga gati Mkoani, wapagazi wakigombea mizigo, pale ubao wa kupimia samaki ulipomponyoka Mwanamize ukatua juu ya mguu wa kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi kama la Idi.

"Sentimita sitini," alisema kijana, akiusoma ubao huku akichechemea. "Kiatu changu hakifiki hapo, Bi."

Mwanamize, ofisa wa takwimu za uvuvi, hakuwa na desturi ya kucheka na wageni. Alicheka. Kijana aliitwa Haitham, wa Vitongoji. Kazi yake ilikuwa uangalizi: serikali ilimpandisha kwenye meli za kigeni zinazovua jodari, aandike kila siku meli imetega wapi na imepata nini.

Walipendana miezi mitano, zaidi kwa simu. Melini aliruhusiwa dakika tano kila Ijumaa, na nusu yake sauti ilikatikakatika. Haitham alimwuliza amevaa nini. Alijibiwa baibui, kama Ijumaa iliyopita. Mwanamize alikwisha kuchoka kusubiri, lakini simu ilikuwa mkononi tangu kabla ya adhana.

Meli ilipomaliza safari, fomu za Haitham zilifika mezani kwa Mwanamize. Zilionesha kuwa siku kumi na saba meli ilitega ndani ya maili kumi na mbili, maji waliyoachiwa wavuvi wa nchi. Kesi ilikuwapo. Ila wino ulikuwa mmoja, mwandiko umetulia, doa hakuna. Hakuna aandikaye hivyo meli ikiyumba. Mwanamize aliamua kuwa zimetungwa nchi kavu, na kwa wiki mbili hakupokea simu yake.

Haitham akaja mwenyewe ofisini, shati halikupigwa pasi. Mwanamize alimsogezea fomu.

"Umezitungia wapi?"

"Sikutunga. Nilizinakili." Aliketi bila kukaribishwa. "Zile za melini zilijaa damu ya samaki na mafuta. Nilijua zinakuja kwako, nikaona haya. Weye unapenda vitu safi."

Za asili zilikuwa kwa mama yake, ndani ya mfuko wa plastiki. Alizileta mchana uleule. Mwanamize alizilinganisha moja moja, tarehe, mahali na uzito. Hazikutofautiana hata kwa kilo.

Alimweleza hali ilivyo. Bila karatasi zile chafu, wakili wa meli angesema kama alivyodhani yeye mwenyewe, kuwa zimetungwa. Zikipelekwa, ingebidi Mwanamize aandike kwa nini nakala ndizo zilizotangulia, na mwangalizi anayewasilisha nakala hufutwa kazi. Kanuni haikuwa na msamaha.

"Nikinyamaza, kazi yako ipo, na meli inarudi palepale."

Haitham alijifuta uso. "Baba yangu hutoka na ngalawa alfajiri, hurudi na kitoweo cha nyumbani tu. Andika."

Mwanamize aliandika ukurasa mmoja na nusu. Haitham akatia saini chini, polepole. Wote wawili walionekana kama watu waliofunga bila daku.

Kisha Haitham akasema alikuwa amtume ami yake, Mzee Mmanga, kwa kina Mwanamize kuposa. Sasa labda angoje.

"Kwa nini angoje?"

"Baba yako atauliza mposaji ana kazi gani."

"Atauliza."

"Utamjibu nini?"

Mwanamize alifunga jalada. "Kuwa hana, na aliyemfanya asiwe nayo ni miye. Mwambie Mzee Mmanga aje Ijumaa."